Mwezi wa Vitabu vya Kutisha

Delphine Kasonde alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipoanza kusoma tena, na hakuanza kwa kupenda. Alikuwa amekwenda kufua nguo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni, wakati baridi ya Lubumbashi inapouma asubuhi na vumbi jekundu linatua juu ya kila kitu, hata juu ya shuka iliyoanikwa dakika kumi zilizopita. Mwanamke mmoja aitwaye Nono, aliyefanya kazi Kolwezi, alikuwa anatafuta mtu wa kumfulia na kumpikia baba yake siku tatu kwa juma. Mzee huyo aliishi peke yake Makomeno, katika nyumba ya matofali yenye barza ndefu mbele, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto halikuona kitu. La kulia liliona vivuli. Jina la Delphine lilipita kwa wanakwaya wenzake likamfikia Nono, wakaelewana kwa simu.

Kwenye simu Nono alisema tu "baba." Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza Delphine alipofungua geti na kumwona mzee amekaa barzani, koti la sufu limefungwa mpaka kidevuni, alisimama palepale na kikapu mkononi. Alikuwa Mwalimu Liévin. Wa darasa la tano.

"Ni nani?" mzee aliuliza, akigeuza uso kuelekea geti.

"Ni mi, baba. Mama Delphine, wa kufula."

"Karibu, mama. Huku bantu baniita Mwalimu. Wewe pia uniite bile."

Delphine hakusema kwamba anamjua. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Siku moja, darasani, Mwalimu Liévin alimwita mbele asome kwa sauti kifungu cha Kifaransa. Sentensi ilisema kwamba *chef*, mkuu wa kijiji, amewasili. Delphine, kwa woga, akasoma *cheveu*. Unywele wa kijiji umewasili. Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, na Mwalimu naye alicheka, akapangusa macho kwa leso, akasema, "Asante, Mademoiselle Cheveu." Jina hilo likamganda mpaka mwisho wa mwaka. Alimaliza darasa la sita, baba yake akapoteza kazi, naye Delphine akabaki nyumbani. Tangu hapo hakusoma kitu chochote mbele ya mtu. Kanisani walipomwomba asome somo la pili, alisema koo linamuuma. Koo hilo lilimuuma miaka mingi.

Basi alifua, akapika sombe, majani ya muhogo, na ugali wa huko, bukari, akaaga, akarudi kwake Hewa Bora bila kusema neno. Alijiambia kwamba mzee haoni, na kazi ni kazi.

Jumatano, nguo zikiwa zimekwisha kuanikwa, mzee alimwita.

"Mama Delphine, unajua kusoma?"

Alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, ili apate muda. "Kidogo."

"Kidogo inatosha. Ingia mu chumba yangu. Chini ya kitanda iko sanduku ya chuma. Uniletee buku yenye iko juu kabisa."

Lilikuwa sanduku kubwa, zito, na ndani yake vitabu vilikuwa vimelala kwa mistari kama samaki wa chumvi. Vyote vilikuwa vimevalishwa karatasi ya mfuko wa sementi, na juu ya kila kimoja, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, Mwalimu alikuwa ameandika: *Maisha ya Watakatifu, 1. Maisha ya Watakatifu, 2.* Viliendelea hivyo mpaka sitini na nne. Delphine alichukua cha juu. Alifikiri, watakatifu nitaweza, wengi nawajua.

Alikaa kwenye kigoda, mbali kidogo na mzee, akafungua. Alisoma Kifaransa chake polepole, kidole chini ya kila neno, sauti ikikwama kama gari bovu kwenye mlima. Mwanamke mmoja, katika nchi ya theluji, anaamka asubuhi na kuandaa meza. Familia yake ni ya watu wanne. Anaweka viti vinne. Anakwenda jikoni kuchukua chai. Anaporudi, viti ni vitano.

Delphine akaacha kusoma. Akageuza kitabu, akaangalia jalada, akakigeuza tena.

"Ba Mwalimu, huyu ni mutakatifu gani?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Delphine akamletea maji.

Ndipo akamweleza. Vitabu vyote vya sandukuni vilikuwa vya kutisha. Kila kimoja: maiti wanaotembea, nyumba zinazokula watu, sauti ndani ya kuta. Alikuwa ameanza kuvisoma akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwaka alipopelekwa kufundisha Kabalo, kaskazini, mahali asipomjua mtu. Aliogopa kila kitu kule: mkaguzi, homa, wanafunzi waliokuwa warefu kumzidi. Msafiri mmoja alisahau kitabu kwenye benchi la stesheni, yeye akakiokota.

"Nilisoma ile buku siku mbili," alisema. "Niliogopa sana. Kisha nikaifunga, na woga ikabakia mule ndani. Unaelewa? Ile woga ya mukaguzi haikuwa na page ya mwisho. Ile ya buku ilikuwa nayo."

"Na karatasi ya sementi?"

"Nilikuwa nafundisha ku shule ya mapadri, mama. Walikuwa wanatembelea walimu ku nyumba." Akatabasamu. "Walikuwa wananisifu sana."

Kwa hiyo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa nne, jua likifika barzani, Delphine alimsomea. Jua lilikuwa linahama na wao walihama nalo, mzee akiburuta kiti chake, Delphine kigoda chake, mpaka saa sita walikuwa wamefika upande wa pili wa barza na ilibidi akawashe mbabula, jiko la makaa. Aliposhindwa neno, mzee alilikisia kutoka kwenye sentensi. Wakati mwingine wote wawili hawakulijua, wakalitafutia maana yao wenyewe, wakaendelea. Kidole kiliacha kukaa chini ya maneno mwishoni mwa kitabu cha kwanza. Hakuona kilipoacha.

Alichokiona ni kwamba hawezi kunyamaza nacho nyumbani. Jioni, huku akichambua mboga, aliwasimulia mumewe na binti yake Syntiche habari za yule mwanamke wa theluji: jinsi alivyouza kiti cha tano sokoni, na asubuhi kikawa kimerudi, na mtu amekikalia. Mume wake, Kalaba, alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa vyuma, mabega mapana, asiyeamini kitu kisichopimika kwa futi.

"Mama Syntiche, ile ni mambo ya bazungu," alisema. "Banakosa kazi."

Lakini juma hilohilo mteja aliagiza viti vinne vya chuma, na Kalaba, kwa kuhesabu vibaya mabomba, akajikuta ametengeneza vitano. Syntiche alimkuta nyuma ya karakana anakikata kile cha tano kwa msumeno, jasho linamtoka kwenye baridi ya Juni.

"Baba, munafanya nini? Ile tungeuzisha!"

"Nyamaza," alisema Kalaba. "Leta mikono."

Wakakikata wote wawili, na vyuma vya miguu yake vikatumika kwenye geti la mteja mwingine.

Kitabu cha pili kilihusu mkuu wa stesheni anayesikia kengele ya treni isiyofika kamwe, akawa anakonda siku kwa siku kwa hofu. Hicho hakikumtisha Delphine hata kidogo. Baba yake alifanya kazi reli, na tangu utoto alizoea treni zisizofika.

"Treni yenye haifike?" alisema. "Huyu muntu anaogopa nini? Angekuja huku tumupatie kiti, tungoje wote."

Mwalimu alikubali kwamba kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya watu wa Katanga. Walikiacha katikati.

Ilikuwa kwenye cha tatu, katika juma la pili, kwamba mambo yaliharibika.

Kilikuwa kitabu kizito, cha mchimba makaburi ambaye usiku husikia jina lake likiitwa kutoka chini. Walikuwa wamefika mahali penyewe. Mchimba makaburi ameshika taa, anatetemeka, anaamua kushuka ndani ya *fosse*, shimo alilolichimba mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameinama mbele, mikono kwenye magoti. Delphine alikuwa anasoma vizuri, kwa sauti ya chini inayofaa, na kwa kuwa alikuwa anakimbilia kujua kilichomo, jicho lake likaruka. Alisoma *fesse*. Mchimba makaburi, taa mkononi, akashuka polepole ndani ya tako.

Mwalimu alicheka. Alicheka kile kicheko cha zamani, kichwa nyuma, akatoa leso, akapangusa macho yake yasiyoona.

Delphine alifunga kitabu. Akakiweka kwenye kigoda, akaenda kwenye beseni nyuma ya nyumba, akaanza kusugua shati ambalo lilikuwa limekwisha safishwa.

Baada ya muda alisikia fimbo ya mzee ikipapasa ukuta.

"Mama Delphine? Nimefanya nini?"

"Hakuna."

"Iko kitu. Unasugua ile nguo sawa iko na deni yako."

Hapo ndipo alipomwambia. Hakugeuka. Aliliambia beseni, kwa sauti isiyopanda: darasa la tano, safu ya nyuma, *chef* na *cheveu*, na leso, na jina. Alimwambia kuhusu koo linalouma kanisani. Alimwambia kwamba Syntiche alipokuwa mdogo na kuleta kitabu cha shule nyumbani, alikuwa anamtuma kwa baba yake, na baba yake naye hajui Kifaransa, wote watatu wakawa wanaangalia picha.

Mzee aliegemea ukuta. Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo.

"Shikumbuke," alisema mwishoni. "Natafuta mu kichwa, shiione. Kila mwaka nilikuwa na batoto makumi tano." Akasita. "Wewe umeibeba miaka yote hii, na mi shikuibeba hata siku moja. Ile njo mubaya zaidi."

Delphine alikamua shati.

"Minakulomba unisamehe, mwana yangu. Shikulombe juu ya kusoma. Kama hautaki kusoma tena, ni sawa. Minakulomba tu."

Alianika shati. Alipika. Aliondoka bila kuaga vizuri, na siku ya mapumziko iliyofuata alikuwa na hasira zaidi kuliko alivyokuwa miaka thelathini na miwili yote, hasira iliyokuwa imelala ikaamka na njaa. Kalaba alipomwuliza hadithi ya mchimba makaburi imefika wapi, alimwambia akajiulize mwenyewe.

Ijumaa alirudi. Alifua kwanza. Mwalimu alikuwa amekaa barzani, kitabu magotini. Jua lilifika, yeye hakuburuta kiti. Delphine alimwangalia kupitia nguo zilizoanikwa. Mtu aliyekuwa mrefu kama mlango siku zile alikuwa sasa mdogo ndani ya koti lake, na alikuwa ameshika kitabu juu chini bila kujua.

Akatoka, akavuta kigoda, akakichukua kitabu mikononi mwake na kukigeuza.

"*La fosse*," alisema. "Tulifika paka pale."

"Paka pale," alisema mzee, akaburuta kiti chake juani.

Kilichomo kwenye shimo kilikuwa kibaya kuliko walivyodhani. Siku hiyo bukari iliungua.

Tangu hapo walisoma kama watu wawili wanaoelewana. Aliposoma vibaya alijirudi mwenyewe, na neno likiwa la kuchekesha, yeye ndiye aliyeanza kucheka. Walimaliza cha mchimba makaburi, wakaanza cha nne, na ni hicho cha nne kilichomfundisha Delphine jambo kuhusu Mwalimu ambalo hata Nono alikuwa analijua nusu tu.

Hadithi ilikuwa ya daktari anayefika katika kijiji cha milimani, mpole, mwenye mkoba mweusi. Kuna msichana kijijini haoni kwa jicho moja. Daktari anasema anaweza kumponya. Anamlaza mezani, anafungua mkoba, anatoa sindano, anaisogeza karibu na—

"Ruka," alisema Mwalimu.

Delphine aliinua macho. "Nini?"

"Ruka ile page. Enda ku ingine."

"Ba Mwalimu, maiti tulikula nao meza moja. Hamukusema ruka."

"Minasema ruka!"

Alikuwa ameweka kiganja juu ya jicho lake la kulia. Delphine akakumbuka kwamba Nono alikuwa amemwambia, kwa simu, kwamba baba yake amekwisha ahirisha upasuaji wa macho mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya mafua, mara ya pili kwa sababu ya mazishi ya mtu ambaye hata hakuwa anamjua. Miadi ya tatu ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Zilibaki siku nane.

"Munaogopa operesheni," alisema.

Mzee aligonga fimbo sakafuni. Kisha akasema kwamba ndiyo. Alisema kwamba haogopi kufa, kwa hilo amekwisha kujiandaa na padri wake anajua. Anaogopa kulala macho wazi na kuona kitu kinakuja. Jicho, alisema, ndilo lililofanya kazi yake yote. Mtu anaweza kukukata mguu ukafikiria kitu kingine. Jicho utalipeleka wapi?

"Hii nayo haina page ya mwisho," alisema.

Delphine alikwenda nyumbani na kitabu kile kikapuni, chini ya nguo zake. Hakuomba ruhusa. Kesho yake alikaa nyuma ya karakana ya Kalaba, cheche zikiruka upande wa pili wa ukuta, na kwa msaada wa kamusi ya shule ya Syntiche akasoma sehemu ile, kurasa nne. Zilimchukua asubuhi nzima. Alikuwa na matumaini kwamba msichana atapona. Lakini daktari yule hakuwa daktari. Alichomshonea msichana chini ya kope kilikuwa kitu kidogo kilicho hai, na tangu siku hiyo msichana hakuona tena kile kilicho mbele yake, aliona kile anachokiona daktari. Delphine alisikia baridi ikimpanda mgongoni mchana kweupe. Akafunga kitabu, akakaa nacho.

Siku ya kwenda Makomeno ilipofika, alikaa kwenye kigoda kabla hata ya kufua.

"Ile buku ya docteur, nimeisoma mi peke," alisema. "Kifaransa yake iko nguvu. Nitawasomea mu Kiswahili."

"Shitaki, mama."

"Musikilize kidogo. Mukichoka mutaniambia."

Akafungua ukurasa wenyewe, macho yakiwa juu ya maneno yale ya kutisha, na akaanza kusoma kitu ambacho hakikuwepo.

Alisoma kwamba mikono ya daktari ilikuwa baridi kwa sababu ya theluji, kwa hiyo kwanza aliipasha moto kwenye mbabula. Hakuwa na uhakika kama nchi ile ina mbabula, lakini mzee hakuuliza. Alisoma kwamba daktari alimwambia msichana ataje mbuzi wote wa kijiji kwa majina, polepole, asiruke hata mmoja. Msichana akaanza. Kulikuwa na mbuzi mmoja mweupe mwenye pembe iliyovunjika, kulikuwa na mama yake, kulikuwa na mwingine aliyependa kula nguo za watu. Alipofika kwa mbuzi wa saba, msichana aliuliza, "Docteur, mutaanza saa ngapi?" Daktari akamwambia, "Nimeisha kumaliza." Na kesho yake walipomfungua kitambaa aliona mlima, akaona moshi, akaona kilemba cha mama yake, na kilikuwa kibaya sana kile kilemba, akacheka.

Delphine akageuza ukurasa ili usikike.

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. "Haikumuuma?"

"Banaandika haikumuuma."

"Banaandika kweli?"

"Page mia moja na kumi na mbili," alisema Delphine, na akamwomba Mungu msamaha moyoni kwa sababu namba ya ukurasa ilikuwa ya kweli.

Alhamisi ile Nono alifika kutoka Kolwezi, akiwa na hakika kabisa kwamba atamkuta baba yake ameugua ghafla. Alimkuta amevaa suti. Walikwenda watatu. Kwenye korido ya hospitali, kwenye benchi, mzee alimshika Delphine mkono na kuuliza kwa sauti ya chini, Nono asisikie:

"Mi shina mbuzi. Nitataja nini?"

"Mutaje banafunzi benu."

Akaingia. Delphine na Nono walikaa wakiangalia mlango. Nono alilia kidogo, halafu akamwuliza Delphine amemfanyia nini baba yake, kwa sababu yeye na ndugu zake walimbembeleza miaka miwili. Delphine alisema kwamba hajui. Wanasoma tu, alisema. Vitabu vya watakatifu.

Muuguzi aliyemtoa mzee na kiti cha magurudumu alikuwa anatabasamu. Alisema hawajawahi kupata mgonjwa wa namna hii: mzee alikuwa ananong'ona majina tangu mwanzo mpaka mwisho, darasa baada ya darasa, na daktari alipomwambia wamemaliza, alikasirika kwamba alikuwa bado hajafika kwa waliokaa dirishani.

"Nilifika ku darasa yenu," alimwambia Delphine, kitambaa kikiwa juu ya jicho. "Nilitafuta jina yako mu liste. Shikuipata, Delphine. Shikukumbuke hata sasa. Basi nikaiandika mi mwenyewe, pale nyuma, karibu na ukuta."

Delphine alisema, "Njo pale nilikuwa nakaa," na akageuka kuangalia kitu kingine.

Walipomfungua siku iliyofuata aliona vizuri. Aliona korido, aliona nywele za Nono zilizoanza kuwa na mvi, akasema hivyo mbele za watu, Nono akanuna. Alimwangalia Delphine kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha namba cha gari lililo mbali, akasema kwamba alikuwa amemfikiria mnene zaidi kwa sababu ya sauti.

Kisha Julai ikaingia, na Mwalimu akawa anasoma mwenyewe.

Delphine alifurahi. Kila mtu alimwambia afurahi, naye alifurahi. Lakini saa nne jua lilipofika barzani, mzee alikuwa ameinamia kitabu, miwani puani, midomo inacheza bila sauti, na yeye alikuwa nyuma na beseni. Alifika nyumbani mapema zaidi. Syntiche alimwuliza hadithi, akasema hana. Mwezi mmoja tu, na vitabu vitano, viwili nusu, alijiambia; mtu hawezi kuzoea kitu mwezi mmoja.

Jumatano ya pili ya Julai alisikia sauti ya darasani ikipaa juu ya paa.

"Delphine Kasonde! Kuja hapa. Na sabuni yako ku mikono, kuja."

Alikwenda. Mwalimu alikuwa amesimama, kitabu cha daktari mkononi, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Alianza kusoma kwa sauti, kwa Kifaransa safi, kila herufi mahali pake: sindano, kope, kile kitu kidogo kilicho hai. Alisoma kurasa zote nne. Delphine alisimama, povu likikauka kwenye vidole.

Mzee aliteremsha kitabu.

"Mbuzi iko wapi?"

"Hakuna mbuzi, ba Mwalimu."

"Mbabula?"

"Hakuna."

"Kilemba ya mama yake, yenye ilikuwa mubaya?"

"Ile ni ya mama yangu."

Mwalimu aliketi. Mabega yake yalianza kutikisika, na kwa kitambo Delphine hakujua kama analia au anacheka, na baadaye hata Mwalimu mwenyewe hakuweza kumwambia. Alitoa leso. Alijipangusa kwa uangalifu, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza kusugua.

"Kama ungenisomea hii," alisema, akigonga ukurasa, "ile Alhamisi bangenitafuta Kabalo. Ku mguu ningefika."

"Njo mana."

"Miaka arobaini nimefundisha kusoma. Banafunzi baliruka maneno, baliruka mistari. Hakuna mwenye alisoma kitu kizuri kuliko chenye kiliandikwa." Akamtazama. "Ulikuwa unafuata mistari na macho?"

"Nilikuwa nafuata. Ili musijue."

"Lakini mi nilikuwa kipofu, mama."

Delphine alifikiria jambo hilo. Lilikuwa halijamjia kabisa. Wakacheka mpaka mtoto wa jirani akachungulia juu ya ukuta.

Ijumaa ya juma hilo alipofika, Mwalimu alikuwa getini, anamngoja, uso umejaa habari. Alikuwa amemaliza usiku uliopita kitabu cha fundi cherehani ambaye mteja wake huja mara moja kwa mwezi, gauni lilelile, na kila mara vipimo vimepungua kidogo. Walikuwa wamekianza pamoja siku chache kabla ya hospitali, wakafika mahali ambapo fundi anaamua kumfuata mteja mpaka kwake.

"Mama Delphine, huwezi kuamini. Yule mukiriya, kumbe..."

"Apana!" Delphine aliangusha kikapu. "Musiniambie!"

"Neno moja tu. Kumbe yeye..."

"Ba Mwalimu, minasema musiniambie! Buku iko wapi?"

Aliokota kikapu, akampita mzee getini, akaingia barzani, akakuta kitabu juu ya kiti, akakitia kikapuni chini ya sweta. Alifua siku hiyo haraka kuliko siku zote, mzee akimzunguka na kuuma midomo, akianza sentensi na kuziacha. Alikataa hata kubaki kwa chai.

Alikisoma Jumamosi nzima na sehemu ya Jumapili baada ya misa, Syntiche akiwa ameegemea bega lake na kumwambia asigeuze ukurasa haraka. Jumatatu alikirudisha. Mwalimu alishikilia kwamba yule mteja alikuwa amekufa tangu ukurasa wa kwanza, na kwamba kila mtu aliyesoma kwa makini angejua. Delphine alisema haiwezekani, kwa sababu kwenye sura ya tatu alilalamika kwamba pindo ni refu, na maiti hajali pindo. Mwalimu akafungua sura ya tatu. Delphine akavuta kigoda akakaa upande wa pili wa kitabu. Walibishana mpaka nguo zikakauka, na hakuna aliyemkubalia mwenzake.